Dredi bila dawa za dukani: ni nini hasa kinachofunga nywele?

Kijana anayeamua leo kufuga dredi na kuanza kuulizia namna ya kuanza hupata majibu ya kumchanganya kabla jua halijazama. Msusi humwambia kwamba hakuna dredi bila jeli na nta. Rafiki aliyewahi kufuga humshauri asioshe kichwa kwa miezi mitatu. Shangazi husema kwamba huo ni uchafu uliopewa jina zuri. Muuza duka la vipodozi, ambaye kati ya wote hao ndiye pekee atakayeingiza fedha kutokana na jibu lake, humpangia vikopo vitatu juu ya meza na kumweleza kipi kitangulie. Katika kila jibu mna chembe ya ukweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe, kwa kuwa uongo mtupu ungekuwa rahisi kuukataa.

Nyuma ya majibu hayo yote limejificha swali moja ambalo ni nadra mtu kulijibu: ni kitu gani kinachozifanya nywele zilizokuwa mbalimbali zishikamane mpaka zikawa kitu kimoja? Mtu akishalielewa hilo, anaweza kupima mwenyewe kila anachoambiwa anunue.

Rasta, dredi na dawa

Tuanze na maneno, kwa sababu sehemu kubwa ya mkanganyiko inatoka humo. Nchini Tanzania neno rasta hubebeshwa mizigo mitatu. Mwanamke akisema anakwenda saluni kusuka rasta, mara nyingi anakusudia misuko iliyounganishwa na nywele za bandia zinazouzwa kwa pakiti, ambayo itafumuliwa baada ya wiki kadhaa. Mtu akisema kijana fulani amefuga rasta, anakusudia nywele za kijana huyo mwenyewe zilizoshikamana. Na rasta kwa maana ya mtu ni muumini wa Rastafari, imani iliyozaliwa Jamaica katika miaka ya 1930, baada ya Haile Selassie kutawazwa kuwa mfalme wa Ethiopia mwezi Novemba 1930.

Tofauti hiyo ina uzito mpaka mahakamani. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mwanafunzi wa sekondari jijini Nairobi, aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake, alikuwa na haki ya kusoma nazo, kwa kuwa alizifuga kwa imani ya Rastafari na imani hiyo inalindwa na katiba. Hukumu ile ilisimama juu ya dini. Mzazi anayedhani kwamba ilifungua milango ya shule kwa kila mtoto anayependa mtindo huo ameichukua nusu, akaacha nusu.

Katika makala haya, dredi ni fungu la nywele za mtu mwenyewe ambalo limenasana kiasi kwamba kitana hakipiti tena. Kiswahili kina neno la zamani linalokaribiana nalo, kishungi. Wasomaji wa Biblia watakumbuka vishungi saba vya Samsoni katika kitabu cha Waamuzi. Kufunga ni ile safari ya nywele kutoka kuwa msokoto unaofumuka hadi kuwa dredi isiyofumuka. Dawa, kama inavyosemwa saluni, ni kemikali ya kunyoosha nywele, nayo itatajwa mbele kwa sababu ni adui wa jambo hili zima.

Kamba isiyo na gundi

Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, wanawake hufukia makumbi ya nazi ufukweni, mahali ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa, wakayaacha humo kwa miezi. Yakifukuliwa hupondwa mpaka nyuzi ziachane na nyama yake, kisha nyuzi hizo, yaani usumba, husokotwa kwa viganja zikawa kamba. Uzi mmoja wa usumba ni mfupi, na mtoto anaweza kuukata. Kamba iliyotokana nao hufunga chombo gatini. Ukiifumua kutoka mwanzo hadi mwisho hutakuta tone la gundi, kwa sababu kinachoishika ni msuguano peke yake: kila uzi una ukwaru, umebanwa na wenzake pande zote, na kadiri kamba inavyovutwa ndivyo nyuzi zake zinavyozidi kubanana.

Dredi ni kamba ya namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba usumba unasubiri mkono wa mtu, ilhali nywele za kipilipili zinatoka kichwani zikiwa tayari na msokoto wake.

Unywele wa singa huota kutoka katika kifuko kilichonyooka ndani ya ngozi, na ukikatwa kwa upana hukaribia duara, kama waya. Unywele wa kipilipili huota kutoka katika kifuko kilichopinda, na ukikatwa kwa upana huonekana umebonyea, kama mrija uliokaliwa. Kwa sababu ya umbo hilo hujikunja kila unaporefuka, ukafanya vipete vidogo vidogo. Juu ya unywele, wa singa au wa kipilipili, kuna magamba yaliyopangwa kama vigae vya paa, ncha zake zikielekea mwisho wa unywele. Penye kona magamba hayo huinuka kidogo, na kona ya unywele mmoja hunasa katika kona ya jirani yake. Kila aliyewahi kuchanwa nywele kavu za kipilipili asubuhi ya kwenda shule anaijua nguvu ya mnaso huo, tena anaijua kwa machozi.

Maji nayo yana kazi yake. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake mna vifungo vingi dhaifu ambavyo huachia maji yanapoingia na kujifunga upya yanapokauka. Ndiyo maana anayelala na mabutu yaliyosukwa nywele zikiwa mbichi huamka na nywele za mawimbi, na ndiyo maana mawimbi hayo hupotea akinyeshewa na mvua. Nywele zilizosokotwa zikiwa na unyevu, kisha zikaachwa zikauke, hushika umbo la msokoto. Zikioshwa huachia kidogo. Zikikauka hushika tena. Katika kila mzunguko wa namna hiyo baadhi ya nywele huhama mahali pake na kuingia ndani zaidi ya fungu, kama uzi wa sweta ya sufu unavyozidi kujibana kila sweta inapofuliwa. Kwa hiyo ushauri wa kukaa miezi bila kuosha unamnyima mtu chombo kimojawapo cha kazi anayotaka ifanyike.

Kisha kuna nywele zilizong'oka, ambazo watu huzisahau kabisa. Mtu mwenye afya njema hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, naye anayechana huziona kwenye kitana. Kwa asiyechana haziendi popote: hunaswa na zilizo hai, zikajizungusha ndani ya fungu na kulijaza. Kwa hesabu ya chini kabisa hizo ni nywele zaidi ya 18,000 kwa mwaka, katika kichwa ambacho kwa wastani kina nywele 100,000 hivi. Hapo ndipo unatoka unene wa dredi ya mwaka wa pili, ambao humshangaza mtu aliyeanza na msokoto mwembamba kama kalamu.

Anayetaka ushahidi nje ya saluni autazame msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau walioingia humo kuanzia mwaka 1952 hawakuwa na duka, kioo wala kitana cha uhakika, na picha za Dedan Kimathi alizopigwa alipokamatwa Oktoba 1956 zinaonyesha nywele ndefu zilizoshikamana. Field Marshal Muthoni wa Kirima alitoka msituni baada ya uhuru na nywele zake, akakaa nazo miongo kadhaa, mpaka ziliponyolewa Nyeri mwezi Aprili 2022. Hakuna aliyezipaka nta ili zishike. Mara nyingine watu huwataja pia morani wa Kimaasai kama mfano wa dredi zinazohitaji mafuta na udongo mwekundu, lakini huo ni mfano usio mahali pake: nywele za morani ni misokoto myembamba iliyopambwa, ambayo mama zao huinyoa katika Eunoto, sherehe ya kuhitimu umorani, na ile rangi nyekundu ni pambo.

Vikopo vinafanya kazi gani, basi?

Haitakuwa haki kusema kwamba bidhaa za dukani hazifanyi kitu. Zinafanya, ila kazi yake ni nyingine. Jeli hushika msokoto usifumuke katika wiki za mwanzo, hivyo mteja hutoka saluni akiwa nadhifu na kuonekana kama mtu mwenye dredi, hali dredi zenyewe bado hazijazaliwa. Bidhaa hizo zinafanana na mbao ambazo fundi hupigilia kabla ya kumwaga zege: zinashikilia umbo mpaka zege ikaze. Fundi mwaminifu, hata hivyo, huziondoa mbao zake. Nta haiondoki.

Hili si suala la maoni. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, ilhali maji ya kuoga yenye vuguvugu zuri yapo karibu na nyuzi 40. Maji yanayoweza kuiyeyusha nta iliyo ndani ya dredi yataunguza ngozi ya kichwa muda mrefu kabla hayajaifikia. Basi nta hubaki humo, ikadaka vumbi la barabarani, manyoya ya taulo na moshi wa jikoni, na dredi iliyolishwa nta kwa mwaka mzima ikikatwa katikati mara nyingi huonyesha kiini cha kijivu kinachonata. Mafuta ya mgando yana tabia inayokaribiana na hiyo, kwa kuwa nayo hayachanganyiki na maji. Shangazi aliyesema dredi ni uchafu huenda aliwahi kuiona dredi ya namna hiyo, na kwa dredi hiyo alikuwa na haki.

Zingatia kwamba nta ya nyuki ni kitu cha asili kwa kila maana ya neno. Maandishi ya "asili" kwenye kopo hayamsaidii mnunuzi. Swali la kuuliza ni kama kitu hicho kitatoka kichwani kwa maji, nalo lina jaribio lisilogharimu chochote. Paka kiasi kidogo juu ya sahani, kiache kikauke usiku kucha, na asubuhi kipitishie maji ya bomba bila sabuni. Ute wa mshubiri (aloe vera) utaondoka, na ute wa bamia utaondoka. Nta itabaki pale pale, maji yakifanya matone na kuteleza juu yake. Kinachobaki kwenye sahani laini, ambayo ungeweza kuisugua, kitabaki ndani ya dredi, ambako mkono haufiki. Asali hupita mtihani wa sahani, lakini siipendekezi kwa mtu yeyote anayelala katika nyumba yenye sisimizi.

Anayeona ni lazima apake kitu katika wiki za kwanza, basi ute wa mshubiri unamtosha. Jani likatwe na kusimamishwa kwa dakika kadhaa ili utomvu wa njano uchuruzike, kwa sababu utomvu huo huwasha ngozi, kisha ute mweupe wa katikati ndio utumike, mwembamba, vidoleni tu.

Kuanza kwenyewe

Mwenye nywele zenye dawa asianze leo. Dawa huvunja vifungo vya kudumu vinavyoupa unywele umbo lake, na vifungo hivyo havirudi kwa kuoshwa wala kwa kusubiri. Nywele zilizonyooshwa zitateleza kama uzi wa nailoni penye haja ya usumba. Njia ni kusubiri nywele mpya zikue, kisha kukata ncha zenye dawa. Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na kwa wenye kipilipili mara nyingi pungufu kidogo, kwa hiyo urefu wa kuanzia wa sentimita 5 hadi 8 unataka nusu mwaka na zaidi. Wengi huona heri kunyoa chote na kuanza upya.

Siku ya kuanza, kichwa kioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, pasiwekwe kondishena wala mafuta. Kondishena hulaza magamba na kuufanya unywele uteleze, jambo jema kwa mtu anayetaka kuchana na baya kwa anayetaka nywele zinase. Nywele ziachwe zikauke mpaka zibaki na unyevu wa nguo iliyokamuliwa. Kichwa kigawanywe katika miraba ya kama sentimita 2 kila upande, nayo ipangwe kama matofali ya ukuta, mraba wa safu ya juu ukiziba mwanya wa safu ya chini. Ikipangwa kwa mistari iliyonyooka pande zote mbili, ngozi itaonekana kama njia za shamba kila upepo unapovuma.

Kuhusu ukubwa wa miraba, wanaoanza wengi hukosea kwa kutaka dredi nyembamba na nyingi. Dredi hubeba uzito wake yenyewe, na ikishaloa hubeba na uzito wa maji, vyote vikining'inia kwenye nywele za mraba mmoja. Mraba mdogo mno leo ni shina linalokatika baada ya miaka mitano. Ukisita kati ya saizi mbili, chagua kubwa.

Kisha kila fungu lisokotwe. Njia nyepesi ni kulizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, kuelekea upande ule ule kila mara, mpaka ncha. Njia inayodumu zaidi, nami ndiyo ninayoipendelea kwa asiyetumia kitu cha kunatisha, ni kuligawa fungu mara mbili na kuvizungusha vipande hivyo kimoja juu ya kingine kama kamba ya nyuzi mbili, kwa sababu kila kipande humzuia mwenzake asifumuke. Kusuka nyuzi tatu hushika barabara kuliko vyote, ila alama za msuko huonekana kwa muda mrefu, kwa baadhi ya watu zaidi ya mwaka. Wenye nywele fupi za sentimita 2 au 3 wanaweza kusugua kichwa kwa sponji au kitambaa chenye ukwaru kwa mizunguko midogo, mpaka nywele zijikusanye vifungu vifungu zenyewe. Wapo pia wanaoacha kuchana tu, wakaosha na kutenganisha mafungu kwa mikono, wakaziacha nywele zijichagulie; dredi zao huwa hazilingani, na kwa macho yangu ndizo nzuri kuliko zote, japo ofisi nyingi hazitakubaliana nami.

Kuna njia nyingine iliyoenea sana Nairobi na sasa Dar es Salaam, ya kuvuta nywele kwa sindano ya kroshia mpaka dredi zipatikane siku hiyo hiyo. Haitumii kemikali, kwa hiyo kwa jina ni ya asili. Hata hivyo sindano hukata baadhi ya nywele kila inapopita, na dredi inayorudishwa sindanoni kila mwezi huishia kuwa ngumu kwa nje na dhaifu kwa ndani. Mara moja, kwa mkono wa fundi anayejua, si neno.

Wenye singa, wakiwamo wengi wa pwani wenye asili ya Uarabuni au India, huambiwa kwamba wao bila nta haiwezekani. Masadhu, watawa wa Kihindu wa India, ambao hufuga nywele zilizoshikamana ziitwazo jata, wanaonyesha vinginevyo. Ila singa haina vipete vya kunasia, kwa hiyo inahitaji msaada wa kitana kinachochanwa kinyume, kutoka katikati ya unywele kurudi kwenye ngozi, na subira ya miaka badala ya miezi. Maji ya bahari husaidia kidogo, kwa kuwa chumvi inayobaki nywele zikikauka huongeza ukwaru. Pia hukausha nywele zikakatika, basi baada ya kuogelea ni vyema kusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Miezi ya kuonekana mbaya

Hapa ndipo wengi wanaporudi dukani. Katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo misokoto hufumuka kila inapooshwa na kusokotwa tena. Kisha huja kipindi ambacho katikati ya kila fungu panavimba kinundu kidogo kigumu, na pembeni nywele zinachomoka kila upande kama mkeka unaofumuka ukingoni. Mtu hujitazama kwenye kioo na kudhani amekosea. Hajakosea, kinundu hicho ndipo nywele zilipoanza kunasana kwa kweli, na kutoka hapo mnaso huenea juu na chini. Dredi pia huonekana kuwa fupi kuliko nywele zilivyokuwa, kwa kuwa kamba yoyote ikisokotwa hupungua urefu. Kwa wengi wenye kipilipili safari yote huchukua kati ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu.

Katika kipindi hicho kishawishi kikubwa ni kusokota mashina kila wiki ili kichwa kionekane nadhifu, kazi ambayo Nairobi huitwa ritachi. Nywele zinazosokotwa kwa nguvu mara kwa mara huvutwa kwenye mizizi yake, na mahali pa kwanza kuonyesha madhara ni pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio, ambako nywele ni laini. Vipele vidogo vyeupe kwenye mashina, au kichwa kinachouma usiku wa kusokotwa, ni ishara ya kwamba mkono umezidi. Mvuto huo ukiendelea kwa miaka, vifuko vya nywele hufa na upara wake haurudi. Kusokota kila wiki 4 hadi 6 kunatosha, na mtu aliyeridhika na hali ya mashina yake anaweza kuacha kabisa.

Pia dredi jirani hupenda kuoana kwenye mashina. Zitenganishwe kwa mikono baada ya kuosha zikiwa bado na unyevu. Zikiachwa miezi sita, mkasi ndio utakaotoa talaka.

Kuosha, kukausha na harufu

Subiri wiki 2 baada ya kusokota kwa mara ya kwanza, kisha osha kila wiki moja au mbili. Wiki za awali funika kichwa kwa soksi nyembamba ya nailoni au wavu, mimina maji na povu juu yake, ukibonyeza bila kusugua. Misokoto haitafumuka sana. Kuacha dukani jeli na nta hakumlazimishi mtu aache sabuni. Sabuni ya kipande hufaa, lakini katika maeneo yanayotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama mitaa mingi ya Dar es Salaam, sabuni hiyo hushindwa kutoa povu na huacha utando mweupe unaofanana na mba. Anayeweza akinge maji ya mvua kwa ajili ya kusuuza, au aweke vijiko viwili vya siki katika lita moja ya maji ya mwisho. Watu wengi hutumia limau badala ya siki. Wasuuze vizuri kabla ya kutoka nje, kwa sababu maji ya limau yakibaki kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua yanaweza kuiunguza vibaya.

Harufu inayosingiziwa dredi kwa kawaida haitokani na kutooshwa. Hutokana na kutokauka. Dredi nene hushika maji kama tambara la kupigia deki, na aliyeosha usiku akalala nayo mbichi chini ya kilemba amewatengenezea kuvu makazi mema. Ioshwe asubuhi, ikamuliwe moja moja kwa kitambaa kisichoacha manyoya, iachwe juani au penye upepo mpaka kiini chake kikauke. Kwa dredi nene za miaka mingi hilo linaweza kuchukua siku nzima.

Wengine, wakiona mba, hupaka mafuta mengi zaidi. Mba mara nyingi huchochewa na kuvu wadogo wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu na kula mafuta ya ngozi hiyo, kwa hiyo kuwaongezea mafuta ni kuwaongezea chakula. Mafuta ya nazi si mabaya, mradi yawe matone machache kwenye ngozi baada ya kuosha, na katika miezi ya kufunga yasifike kwenye misokoto, kwa kuwa kamba iliyopakwa mafuta haisokoteki. Mba unaowasha na usiopungua kwa kuosha unataka daktari wa ngozi, awe mgonjwa ana dredi au hana.

Linabaki lile linalowatisha wazazi, kwamba dredi zikishafunga hazitoki ila kwa wembe. Kwa nyingi hilo si kweli. Dredi isiyo na nta inaweza kulowekwa kwa maji na mafuta, ikafumuliwa kuanzia ncha kwa sindano nene au jino la kitana, kidogo kidogo, kazi ya siku kadhaa kwa kichwa kizima na mikono zaidi ya miwili. Iliyojaa nta hufumuka kwa shida au isifumuke kabisa. Anayefumua atashtuka kuona rundo la nywele likikua miguuni pake, na wengine huacha katikati wakidhani wanajinyonyoa. Zile ni nywele zilizong'oka zamani, 50 leo na 80 kesho, ambazo mtu anayechana kila asubuhi angezitoa kwenye kitana chake na kuzitupa bila kuzihesabu.